Kujua Kama Dawa Imefika Mfupani: Mafunzo Niliyopata Nikimuuguza Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, na alipostaafu hakuona sababu ya kuhama. Nyumba yetu bado iko hukohuko Luano, upande wa komini ya Annexe, mahali ambapo ndege ya Addis Ababa ikiruka mazungumzo husimama mpaka ipite. Saratani ya tezi dume ilipogundulika ilikuwa imeshasambaa mifupani: pingili za mgongo, nyonga na mbavu kadhaa. Njia hiyo inajulikana. Mwaka 1940 daktari wa Marekani, Oscar Batson, alieleza mtandao wa vena zisizo na vali unaounganisha nyonga na uti wa mgongo, na tangu hapo madaktari huutaja wanapoeleza kwa nini ugonjwa huu hupenda kukimbilia mgongoni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si daktari. Lakini katika familia ni mimi niliyekabidhiwa bahasha ya picha, na kazi hiyo imenifundisha mambo ambayo ningependa familia nyingine za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziyajue mapema. Yote yanazunguka swali moja: dawa ikishaanza, tutajuaje kama inafanya kazi ndani ya mfupa? Kwenye ini au mapafu uvimbe hupimwa kwa milimita, na ukinywea unaonekana. Mfupa haukubali kupimwa hivyo. Hata kanuni za kimataifa za kupima uvimbe, zinazoitwa RECIST, katika toleo lake la 2009 zinasema kwamba saratani iliyojificha ndani ya mfupa bila kutoa uvimbe wa nyama haihesabiwi kuwa kitu kinachopimika. Hapo ndipo MRI inapoingia, ile ambayo huku kwetu tumezoea kuiita IRM.

1. Picha ya kwanza ipigwe kabla ya sindano ya kwanza

Dawa za kuzima homoni za kiume hufanya kazi haraka. Wiki chache baada ya sindano, PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, huanza kushuka, maumivu hupungua, na ndani ya uboho mambo yanakuwa yameshabadilika. Ukipiga MRI ya kwanza wakati huo, huna tena pa kuanzia. Kila picha itakayofuata utailinganisha na mfupa ambao tayari ulikuwa umeanza kutibiwa, na hakuna mtu atakayeweza kukurudishia ile hali ya mwanzo.

Yaya, kaka yetu mkubwa, alitaka sindano ichomwe siku hiyohiyo. Namwelewa, maana Baba alikuwa halali usiku. Daktari aliyemhudumia hapa Lubumbashi alimlaza, akapima nguvu za mguu mmoja baada ya mwingine, akagusa nyayo kwa pamba kuona kama anahisi, akamuuliza habari za mkojo na choo. Alipohakikisha kwamba hakuna dalili ya uti wa mgongo kubanwa, alisema siku chache hazitadhuru: nendeni mkapige picha kwanza, lakini dalili yoyote ikitokea njiani, mpango wote ubadilike. Tukaenda Lusaka, nchini Zambia. Ile picha ya kwanza ndiyo iliyokuja kuamua kila kitu miezi mitatu baadaye, na jirani akiniuliza ashike jambo gani moja kutoka kwangu, humwambia hilo.

2. Mfupa unaopona unaweza kufanana na mfupa unaougua

Miezi mitatu ilipopita Baba alikuwa anakula bukari yake vizuri na anatembea hadi barabarani bila fimbo. PSA ilikuwa imeshuka sana. Kisha akapigwa picha ya nyuklia ya mifupa, ile ya kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo na kusubiri saa chache kabla ya kuingia mashineni. Majibu yalipotoka yalisema kuna madoa mapya kwenye mbavu na mgongo. Katika hospitali alikopigwa picha hiyo tuliambiwa, kwa kifupi sana, kwamba dawa imeshindwa na inabidi ibadilishwe.

Jioni ile tulifanya kikao sebuleni. Shangazi alilia. Yaya alikuwa ameshaanza kupiga simu kuuliza bei ya dawa nyingine. Baba alikaa kimya, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: “Kama ninazidi kuugua, mbona ninazidi kupata nafuu?”

Jibu lipo, na ni jambo linalofahamika kwa wataalamu. Dawa inayochomwa katika kipimo hicho ni teknetiamu-99m iliyofungwa kwenye kemikali ya fosfonati, na hiyo hukimbilia pale mfupa unapojengwa. Haioni saratani yenyewe. Inaona mafundi wa mfupa, zile seli zinazoweka mfupa mpya, wakiwa kazini. Saratani ya tezi dume huwachochea mafundi hao, kwa hiyo doa hung’aa. Lakini dawa ikiua saratani, mafundi haohao huingia kwa nguvu kukarabati palipoharibika, na doa hung’aa zaidi. Hata madoa madogo yaliyokuwepo tangu mwanzo bila kuonekana hujitokeza sasa kwa sababu ya ukarabati, na msomaji wa picha huyaita mapya. Siti skani nayo ina mtego wa namna hiyo: sehemu inayopona hujaa madini na kuwa nyeupe, na mtu asiyejua historia ataandika kwamba ugonjwa umeongezeka.

Kwa sababu hiyo, kundi la kimataifa la wataalamu wa saratani ya tezi dume liliweka kanuni mwaka 2008 na kuirudia mwaka 2016: madoa mapya kwenye picha ya kwanza ya mifupa baada ya kuanza dawa hayatoshi kutangaza kwamba dawa imeshindwa. Lazima picha ya pili, wiki sita au zaidi baadaye, ionyeshe tena mengine mapya yasiyopungua mawili. Kanuni hii haigharimu chochote, ni kuijua tu. Inauma kufikiria ni wazee wangapi wameondolewa kwenye dawa iliyokuwa ikiwasaidia, kwa karatasi moja iliyosomwa haraka, na familia zao zikauza kiwanja kununua dawa ya pili kabla ya wakati wake.

3. MRI inaangalia uboho, na inaweza kuona kama seli ziko hai

Nilipowasiliana na daktari wa saratani wa Lusaka, hakubadilisha dawa. Alisema: mleteni Mzee, tupige MRI ya mwili mzima kama ile ya kwanza, tulinganishe. Sehemu hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo kiini, na kwa sababu fizikia yake ni nzuri mno.

MRI haitumii mionzi. Hutumia sumaku kubwa, mara nyingi ya tesla 1.5, pamoja na mawimbi ya redio, na inachosikiliza ni viini vya hidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003 kwa kazi ya kuigeuza sauti hiyo kuwa picha. Mfupa mgumu wenyewe una maji machache, kwa hiyo hutoa sauti hafifu sana. Kinachoonekana ni uboho uliomo ndani, na huko ndiko saratani inakotua kwanza, kabla haijaanza kula wala kujenga mfupa.

Uboho wa mtu mzima umejaa mafuta. Katika aina ya picha inayoitwa T1, mafuta huonekana meupe. Saratani ikiingia huyasukuma mafuta nje na kuacha doa jeusi. Dawa ikifanya kazi, mafuta huanza kurudi, na mara nyingine hurudi kwanza ukingoni, yakilizunguka doa kama pete nyeupe. Wataalamu huihesabu pete hiyo kuwa dalili njema.

Aina ya pili ya picha huangalia mwendo wa maji. Molekuli za maji hazitulii hata sekunde moja, zinatangatanga. Mtu aliyewahi kupita soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mchana wa Jumamosi anajua hali ilivyo: vibanda vimebanana, kila hatua unagonga bega la mtu. Maji yaliyomo katikati ya seli za saratani zilizosongamana yako hivyo, hayafiki mbali. Seli zikifa kuta zao hupasuka, nafasi hufunguka, na maji hutembea. Mashine hupima mwendo huo na kuupa namba inayoitwa ADC kwa kifupi. Namba ndogo ina maana ya msongamano, namba ikipanda ina maana nafasi imepatikana. Taro Takahara na wenzake huko Japani walionyesha mwaka 2004 kwamba picha hizi zinaweza kupigwa mwili mzima huku mgonjwa akipumua kama kawaida, na tangu hapo njia hiyo imetumika sana kufuatilia saratani ya mifupani. Haihitaji hata sindano ya rangi, jambo lililonifurahisha kwa mzee ambaye figo zake si za kijana.

Mtaalamu wa radiolojia alituweka mbele ya skrini mbili, Baba kwenye kiti, mimi nyuma yake. Kushoto picha ya kwanza, kulia mpya. Akaanza na pingili ya tano ya kiunoni. Kwenye T1 ya zamani ilikuwa nyeusi karibu yote. Kwenye mpya, weusi ulikuwa umejikunja katikati na ukingoni kulikuwa na ile pete. Halafu akafungua picha ya mwendo wa maji, akachora duara dogo kwa kipanya juu ya pingili ileile, na namba ikatokea pembeni. Katika picha ya kwanza ilikuwa karibu 800, mikromita za mraba kwa sekunde. Sasa ilikuwa imepita 1500. Alirudia kwenye nyonga ya kulia, kwenye pingili za kifuani, kwenye mbavu ambazo picha ya nyuklia ilisema zina madoa mapya. Mbavu zile zilikuwa na madoa tangu picha ya kwanza, madogo, nami nilikuwa nimeyapita bila kuyaona. Yote yalikuwa yamelegea. Baba aliegemea mbele, akagusa skrini kwa kidole mahali palipo na pingili ya tano, akauliza, “Hapa ndipo panaponiuma nikiinama?” Mtaalamu akamjibu, “Ndipo palipokuwa panakuuma, Mzee.”

Kuna tahadhari ambazo alisisitiza, nami nazirudia. Doa lililokufa na kujaa maji linaweza kuendelea kung’aa kwenye picha ya mwendo wa maji, kwa hiyo picha hiyo isisomwe peke yake bila ramani ya ADC pembeni. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuchochea chembe nyeupe za damu wakati wa kemotherapi anaweza kuonekana kama uboho wake wote umevamiwa, kumbe umeamshwa tu. Na dawa za kuzima homoni hupunguza uimara wa mifupa, hivyo pingili inaweza kuvunjika kwa udhaifu bila saratani na kuonekana inang’aa. Mashine haitoi hukumu. Anayeitoa ni mtu aliyezoea kusoma picha hizi, tena akiwa na historia ya mgonjwa mkononi.

4. Omba majibu yaandikwe kwa kipimo kinachoweza kulinganishwa

Mwaka 2017 kundi la wataalamu, akiwemo Anwar Padhani wa Mount Vernon nchini Uingereza, lilichapisha utaratibu unaoitwa MET-RADS-P, wa kupiga na kuripoti MRI ya mwili mzima kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa. Kila eneo la mwili hupewa alama ya 1 hadi 5: 1 ni dalili kubwa kwamba dawa inafanya kazi, 3 ni hakuna mabadiliko, 5 ni dalili kubwa kwamba ugonjwa unasonga mbele. Ripoti yenye alama hizo inasomeka na daktari yeyote, awe Lusaka, Nairobi au Lubumbashi, awe amesoma kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Ripoti inayosema tu kwamba “mifupa ina madoa mengi” haimsaidii mtu kuamua chochote. Si kila kituo hutumia utaratibu huo, lakini kuuliza si kosa.

5. Katika mji wa migodi, swali la chuma mwilini ni zito

Kabla ya kuingia chumba cha MRI mgonjwa hujaza fomu: una betri ya moyo, una chuma mwilini, umewahi kupigwa risasi? Kwingine watu huweka alama ya hapana na kuendelea. Katanga hatuwezi. Huku kuna wachomeleaji, kuna mafundi wa reli na wa kampuni ya madini ya Gécamines, kuna wachimbaji wadogo, kuna wazee waliokuwepo Kolwezi wakati wa vita vya 1978. Kipande kidogo cha chuma kilichorukia jichoni miaka 40 iliyopita na kusahaulika kinaweza kusogezwa na sumaku ile na kuharibu jicho.

Baba aliandika hapana. Mimi nilikumbuka mashine ya kunoa vyuma kwenye karakana yao, na jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani macho mekundu. Nikamwambia mpiga picha. Akapigwa eksirei ya macho kwanza. Macho yalikuwa safi, tukaendelea. Ukimpeleka mzee aliyefanya kazi za chuma, kumbuka kwa niaba yake.

6. Dawa ya maumivu itangulie

MRI ya mwili mzima huchukua dakika 40 au zaidi, mtu akiwa chali, ndani ya bomba jembamba, mashine ikigonga na kunguruma. Kwa mwenye saratani mgongoni, kulala chali dakika 10 tu ni adhabu. Akijisogeza, picha zinaharibika, na picha iliyoharibika haiwezi kulinganishwa na nyingine. Tulimwomba daktari ratiba ya mofini ili kipimo kiangukie wakati dawa iko kileleni, tukaomba mto wa kuweka chini ya magoti. Baba alivaa vizibo vya masikio na vya kufunika juu yake. Alitoka amechoka, lakini hakuwa ameomba kutolewa.

Mofini si rahisi kuipata huku kwetu, na watu wengi bado wanaiogopa. Uganda imeonyesha njia nyingine: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilianza kuwapa wagonjwa mofini ya kunywa, ya maji, ya bei nafuu, wakaitumia wakiwa nyumbani. Natamani sana kuiona Lubumbashi ikifuata.

7. Mashine ileile, utaratibu uleule, na bahasha yako mwenyewe

Namba za ADC hutofautiana kidogo kutoka mashine moja hadi nyingine na kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo inafaa kurudi palepale. Kwa mtu wa Luano, palepale ni safari: Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini, foleni ya malori ya shaba na kobalti, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe, mpaka Lusaka, ambako Hospitali ya Magonjwa ya Saratani ilifunguliwa mwaka 2007. Barabara ikiwa mbaya mgongo wa mgonjwa unaisikia kila shimo. Tulijifunza kulala njiani.

Na mpaka unaweza kufungwa. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mipaka yake na Kongo huku kwetu, baada ya ugomvi kuhusu uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Kipimo hakijui habari za bia. Tangu hapo nimeweka mpango wa pili: nakala kamili za picha zote, zile zenyewe za kidijitali, wala si karatasi za majibu tu. Ziko kwenye diski mbili na kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, na kwenye ukurasa mmoja nimeandika tarehe, nguvu ya sumaku, aina za picha zilizopigwa, dawa aliyokuwa akitumia siku hiyo na kiwango cha PSA. Diski moja ilikataa kufunguka tulipoihitaji, ndiyo maana ziko mbili. Hospitali hubadilisha kompyuta, wafanyakazi huhama, nchi hufunga mipaka. Familia ndiyo inayobaki na mgonjwa wakati wote, basi na kumbukumbu zikae kwake.

8. Damu haisemi ni mahali gani

PSA ni kipimo cha thamani, rahisi, kinapatikana Lubumbashi. Lakini inatoa jumla tu. Ikishuka, inaweza kushuka huku sehemu moja ikiendelea kuharibika, na zipo saratani za tezi dume ambazo husonga mbele bila kuipandisha sana. Ndivyo ilivyotokea mwaka uliofuata: PSA tulivu, na maumivu mapya nyonga ya kushoto. MRI ilionyesha madoa yote ya zamani yako kimya, isipokuwa moja, juu ya tundu la nyonga, ambalo lilikuwa limekuwa jeusi zaidi kwenye T1 na namba yake ya mwendo wa maji imeshuka.

Kama tungekuwa na PSA peke yake, tungeambiwa ni uzee. Kama tungekuwa na picha ya nyuklia peke yake, pengine tungebadilisha dawa yote. Daktari aliamua kuendelea na dawa iliyokuwa ikizuia kwingine kote, na doa lile moja likapigwa mionzi mara moja tu, grei 8. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa kupunguza maumivu ya mfupa dozi hiyo moja hutuliza sawa na vipindi vingi, na kwa watu wanaotoka mbali kama sisi tofauti hiyo ni kubwa mno. Wiki chache baadaye alikuwa analala ubavu wa kushoto.

Nikiwa nasubiri nje ya chumba cha mionzi niliifikiria sana Shinkolobwe. Mgodi ule uko karibu na Likasi, si mbali na kwetu. Uraniamu yake iligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1922 kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kilikuwa kinatoa radiamu kutokana na mawe hayo. Radiamu ya Katanga ilitawala soko la dunia katika miaka ya 1920 na ikatibu saratani za watu Ulaya na Marekani. Leo kuna dawa ya ndugu yake, radiamu-223, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya tezi dume iliyoko mifupani. Mwili huichukua kama kalisi na kuipeleka pale mfupa unapojengwa. Baba hajaihitaji. Lakini mzee wa Katanga kuvuka mpaka kutafuta mionzi, wakati baba zake ndio walioyatoa mawe ya mionzi ardhini, ni jambo ambalo viongozi wetu wa mkoa na wa taifa wanapaswa kuliona kuwa deni.

9. Miguu ikilegea, usingoje kipimo cha miezi mitatu

Haya yote ni mambo ya kufuatilia kwa utulivu. Lipo moja lisilo na utulivu. Saratani ikitoka kwenye pingili na kubana uti wa mgongo, saa zinahesabiwa. Dalili zake ni maumivu mapya ya mgongo yanayoufunga kifua kama mkanda au yanayozidi ukilala au ukikohoa, miguu kuwa mizito, ganzi kati ya mapaja, mkojo kukataa au kutoka wenyewe. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu anayeshukiwa kubanwa uti wa mgongo apigwe MRI ya uti wote wa mgongo ndani ya saa 24. Uti wote, maana panaweza kubanwa zaidi ya mahali pamoja. Anayefika bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea baada ya matibabu. Aliyekwisha kupooza mara nyingi hainuki tena.

Luano hadi MRI ndani ya saa 24 ni jambo la kupangwa kabla. Daktari wetu wa hapa ametupa kwa maandishi dawa ya kupunguza uvimbe wa uti na dozi ya kuanza nayo mara tu atakapothibitisha kwa simu. Tunayo namba ya jirani mwenye gari zuri, ambaye anajua anaweza kuamshwa usiku. Pasi, kadi ya homa ya manjano na diski ziko ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko unaning’inia nyuma ya mlango wa Baba. Yeye mwenyewe ana kazi yake: kila asubuhi anashika ukuta, anasimama kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino, halafu ananiambia. Siku atakayosema mguu umekataa, hatutakaa kikao. Tutapiga simu tukiwa tayari tumeshaingia garini.